Ufalme wa Chai: Mchezo wa Kale wa Mkononi na Ngano Nilizozisikia Nusu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii ilirejelewa mara tatu katika semina moja ya uzamili niliyohudhuria, na mara zote tatu kidonda kilichokusudiwa kilikuwa kimoja: michezo ya video. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akiwasilisha pendekezo lake la utafiti kuhusu kufifia kwa utambaji wa ngano, alisema bila kigugumizi kwamba watoto wa Kenya waliacha kumsikiliza nyanya siku walipotiwa mikononi vidude vya kubofya. Ukumbi mzima ulitikisa vichwa kuafiki. Nami nilitikisa changu. Niliporejea chumbani usiku huo nilitambua kuwa nilikuwa nimetoa ushahidi wa uongo, na makala haya ni jaribio la kuusahihisha.

Msimamo wangu, ndugu msomaji, ni kwamba kidude cha kubofya hakikuniondoa miguuni pa nyanya yangu. Kwa hakika, ndicho kilichoniketisha hapo. Kilichoniondoa ni kitu kingine, na sisi wanafasihi hatupendi kukitaja kwa sababu ndicho kilichotulea. Aidha, ninashikilia kuwa hamu tuliyo nayo kwa michezo ya utotoni si upuuzi wa kufanyiwa mzaha. Ni ushahidi, na ushahidi hupimwa, hautupwi.

Mchezo wenyewe

Mchezo ninaouzungumzia unaitwa Super Mario Land. Ulitolewa nchini Japani tarehe 21 Aprili 1989, siku ile ile kampuni ya Nintendo ilipoanza kuuza mtambo wake wa mkononi uitwao Game Boy. Ni mchezo wa majukwaa, yaani ule ambao mhusika hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, akiruka mashimo, akikwea ngazi za mawe na kuwakanyaga au kuwakwepa maadui. Mtambo uliouchukua ulikuwa duni hata kwa viwango vya wakati huo. Kioo chake kilikuwa na vitone 160 kwa 144, na vivuli vinne tu vya kijivu vilivyoelea juu ya usuli wa kijani kilichochujuka. Haukuwa na taa yoyote ndani ya kioo. Ninamwomba msomaji aikumbuke hoja hii ya taa, kwa maana ndiyo itakayobeba uzito wa makala haya.

Uduni huo haukuwa wa bahati mbaya. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyekiongoza kikundi kilichoubuni mtambo huo, alijiunga na Nintendo mwaka wa 1965 kama fundi wa kutunza mashine za kutengenezea karata. Falsafa yake ilikuwa kwamba ubunifu wa kweli hautokani na teknolojia mpya bali na teknolojia iliyonyauka: ile iliyokwisha kuzoeleka, kueleweka na kushuka bei, ikitumiwa kwa namna ambayo hakuna aliyeiwazia. Washindani wake walitoa mitambo yenye rangi na mwanga, kama vile Lynx ya Atari mwaka wa 1989 na Game Gear ya Sega mwaka wa 1990. Game Gear ilikula betri sita kwa saa chache tu. Ule mtambo duni wa Yokoi ulitumia betri nne ndogo na ukadumu nazo siku kadhaa za kucheza kwa kiasi. Pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata, uliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani. Yokoi aliaga dunia katika ajali ya barabarani mwezi wa Oktoba 1997. Mimi nilizaliwa mwaka huo huo.

Super Mario Land ni mchezo wa ajabu miongoni mwa ndugu zake. Shigeru Miyamoto, aliyembuni mhusika Mario, hakushiriki katika kuuandaa. Uliongozwa na Satoru Okada chini ya usimamizi wa Yokoi, na matokeo yake ni kama ngano inayofahamika ikitambwa na mtu wa kijiji cha pili: jina la shujaa ni lile lile, lakini kila kitu kingine kimesogea kidogo. Binti wa mfalme anayetafutwa si yule wa kawaida bali ni Daisy, ambaye hapo ndipo alipotokea kwa mara ya kwanza. Aliyemteka ni kiumbe wa anga za juu aitwaye Tatanga. Kobe ukimkanyaga, gamba lake hulipuka badala ya kuteleza. Ua linalompa Mario silaha halimpi moto, linampa mpira unaodunda ukutani na kuokota sarafu njiani. Mwishoni mwa ufalme wa pili Mario huendesha nyambizi, na katika hatua ya mwisho kabisa hurusha ndege. Ukipata nyota ya kutodhurika, unaopigwa ni muziki wa dansi ambao Offenbach aliutunga mwaka wa 1858 kwa ajili ya opera ya vichekesho.

Mchezo una falme nne, kila mmoja ukiwa na hatua tatu, hivyo hatua zote ni 12. Mchezaji hodari huumaliza kwa muda usiofika saa moja. Hauna mahali pa kuhifadhia safari yako: ukizima, umeanza upya.

Majina ya falme hizo ni Birabuto, Muda, Easton na Chai. Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshtuka. Easton umechota sura yake kutoka Kisiwa cha Pasaka na vichwa vyake vya mawe, na Chai kutoka Uchina. Waandishi wake, kwa kadiri ninavyoweza kuhukumu, hawakuwa na habari kwamba wameandika Kiswahili. Lakini mtoto wa darasa la tatu huko Nyamira, aliyekuwa akisoma kijitabu cha maelezo kilichokunjika pembe zote, hakuwa na sababu ya kudhani vinginevyo. Kulikuwa na ufalme wa Muda, nao ulikuwa chini ya bahari. Kulikuwa na ufalme wa Chai, na huo ndio uliokuwa wa mwisho na mgumu kuliko yote. Nilipomweleza nyanya yangu habari za ufalme huo, aliniuliza kilo moja ya majani mabichi hununuliwa shilingi ngapi huko.

Koroboi moja, hadithi mbili

Mtambo huo niliuletewa na mjomba wangu likizo ya Desemba mwaka wa 2006. Alikuwa akiuza redio na runinga kuukuu zilizoshushwa bandarini Mombasa, na kidude hicho kilikuwa kimekwama katika kasha lililojaa nyaya. Kilikuwa na ufa upande mmoja na kaseti moja tu ndani yake. Wakati huo mchezo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 17, na katika nchi ulikotoka bila shaka ulikuwa umetupwa. Kwangu ulikuwa mpya kama mkate wa asubuhi.

Mchana hatukuwa na nafasi ya kucheza. Tulichuma chai na nyanya hadi majani yalipopelekwa kituoni kupimwa, kisha kulikuwa na maji ya kuteka na ng'ombe wa kufunga. Nafasi ilipatikana usiku. Lakini kioo kile, kama nilivyotangulia kusema, hakikuwa na taa. Nyumba ya nyanya haikuwa na umeme. Gizani mchezo haukuonekana kabisa; niliusikia ukilia lakini sikuuona. Mahali pekee palipokuwa na mwanga wa kutosha palikuwa kando ya koroboi, nayo koroboi ilikuwa kando ya nyanya, na nyanya alikuwa akitamba ngano.

Hivyo basi niliketi hapo kila usiku wa likizo, kwa muda wa likizo zote za miaka miwili na zaidi. Nyanya aliniwekea sharti moja: nizime sauti. Nilitii, hasa nilipogundua kwamba sauti nayo hula betri. Matokeo yake ni kwamba nimeufahamu mchezo ule kwa sauti ya nyanya yangu. Nilipokuja kuusikia muziki wake halisi uliotungwa na Hirokazu Tanaka, nikiwa mtu mzima, niliona kama kwamba mtu amewekea picha nyimbo zisizo zake. Masikioni mwangu piramidi za ufalme wa kwanza zina lugha ya mama, zina kikohozi kidogo cha moshi wa kuni na zina vicheko vya binamu zangu wakiitikia.

Usiku mmoja nyanya alikuwa akitamba kuhusu msichana aliyekataa wachumba wote wa kijijini mwao, kisha akamfuata kijana mtanashati asiyejulikana kwao, na kumbe kijana huyo ni zimwi. Wakati huo huo nilikuwa nimemshinda mlinzi wa mwisho wa ufalme wa pili. Katika mchezo huu, kila mara Mario ashindapo katika falme tatu za kwanza, humkuta Daisy akimngoja. Akimkaribia, Daisy hugeuka kuwa kiumbe mwingine kabisa, kisha akatokomea. Hakuwa yeye. Niliinua kichwa na kusema kwa sauti kuu, "Nyanya, hata huyu amegeuka!"

Nilidhani atanigombeza kwa kumkatiza. Aliomba aone. Alikishika kidude kwa mikono yenye madoa meusi ya majani, akakisogeza kwenye mwanga.

"Huyu mtu mdogo anakimbilia nini?"

"Anamtafuta binti wa mfalme, nyanya."

"Na ukizima, yeye huenda wapi?"

"Haendi popote. Nikiwasha huanza upya."

"Na betri zikiisha?"

Nilimweleza kwamba huzianika juani juu ya bati, kama alivyofanya yeye na betri za redio yake, na baada ya hapo zilinipa nusu saa nyingine.

"Wewe endelea tu," alisema akinirudishia. "Lakini ujue zangu zikiisha hazianikwi juani, mjukuu wangu."

Binamu zangu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikauanza ufalme wa tatu.

Nyanya aliaga dunia mwezi wa Aprili 2014, nikiwa kidato cha tatu. Miaka miwili baadaye, katika kozi ya fasihi simulizi, tuliagizwa kukusanya ngano tatu kutoka kwa wazee wa kwetu. Niliketi na karatasi ili kwanza niandike zile nilizozijua. Niliweza kuichora ramani ya hatua zote 12 za Super Mario Land, pamoja na mahali palipofichwa kila moyo wa kuongeza uhai. Katika ngano za nyanya, ambazo naamini zilikuwa zaidi ya 30, niliweza kuandika moja kikamilifu: ile ya msichana na zimwi. Nyingine zilikuwa vipande: wimbo usio na kisa, kisa kisicho na mwisho, jina la mnyama lisilo na tendo lolote. Ngano za kazi ile nilizikusanya kwa jirani.

Nani aliyetuondoa kando ya koroboi?

Mwenzangu wa semina angesema kuwa nimemthibitishia hoja yake. Mtoto alikumbuka mchezo, akasahau ngano. Hata hivyo, ningemwomba aitazame ile ngano moja iliyosalia. Imesalia kwa sababu gani? Kwa sababu usiku ule ilikutana na mchezo. Mahali pale pale ambapo fasihi mbili zilishikana mikono, kumbukumbu ilishika. Kama mchezo ungekuwa sumu ya ngano, basi ngano hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kufa.

Tena, ukweli wa tarehe unaipinga hoja yake. Kidude hakikunitoa nyumbani kwa nyanya. Mwaka wa 2009, nikiwa darasa la sita, nilipelekwa shule ya bweni. Huko, aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni na kukivaa hadi ampate mkosaji mwingine wa kumkabidhi. Likizo zilijaa masomo ya ziada. Kufikia kidato cha pili nilikuwa nikimjibu nyanya kwa sentensi fupi fupi, kwa kuwa nilimwelewa lakini ulimi wangu ulikuwa umekwisha kufunzwa kuona haya. Katika shule hizo hizo nilifunzwa ngano ni nini. Niliweza kuorodhesha sifa zake, dhima zake na aina zake, na nilipata alama nzuri katika karatasi ya tatu ya Kiswahili. Nilizijua sifa tano za ngano na sikuweza kutamba hata moja. Huo ndio msiba, na haukuletwa na Mario.

Sisemi kwamba shule ni adui. Mimi ni zao lake na ninatarajia kufundisha humo. Ninachosema ni kwamba tunapokilaumu kidude cha kubofya tunajiepusha na lawama iliyo karibu nasi zaidi. Ni rahisi kumshtaki mgeni asiye na wakili kuliko kujishtaki wenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mchezo kama matini

Je, mchezo wa video ni fasihi? Sitaki kutoa jibu pana kuliko ushahidi wangu. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote aliyemsoma Vladimir Propp, aliyechapisha uchambuzi wake wa hekaya za Kirusi mwaka wa 1928 na kutambua majukumu 31 ya wahusika, ataiona mifupa ya ngano ndani ya mchezo huu bila taabu: kutekwa kwa binti, kuondoka kwa shujaa, majaribio yanayorudiwa, msaada wa kimiujiza, ulaghai wa adui, pambano la mwisho na marejeo. Takriri ndiyo uti wa mgongo wake, kama ilivyo katika ngano.

Isitoshe, kuna sifa ya utendaji. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka wa 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba kazi ya fasihi simulizi hukamilika katika utendaji wake mbele ya hadhira. Mchezo usiochezwa nao ni kaseti tu, kipande cha plastiki. Na kwa kuwa mchezo huu hauhifadhi safari, kila usiku nilianza pale pale penye jangwa la Birabuto, kama vile nyanya alivyoanza kila ngano kwa fomyula ile ile. Kurudia hakukuwa kasoro. Kurudia kulikuwa ndiyo njia ya kuijua hadithi kwa vidole.

Tofauti nazo zipo, tena ni kubwa. Nyanya aliweza kuirefusha ngano tulipokuwa na hamu na kuifupisha tulipoanza kusinzia. Kaseti haikumjua mchezaji wake. Nyanya aliweza kuniuliza funzo. Tatanga hakuniuliza chochote. Kwa upande mwingine, katika ngano shujaa hufaulu hata nikiwa sijui afanyeje, ilhali katika mchezo nilitumbukia shimoni mara mia kwa makosa ya kidole changu mwenyewe. Ni aina mbili za elimu, na mtoto anaweza kuzibeba zote mbili.

Wapo watakaosema kuwa ninasifu utamaduni wa wageni. Pingamizi hili lina mashiko na sitalikwepa. Ufalme wa kwanza wa mchezo huu umejengwa kwa sura ya Misri, yaani umewekwa katika bara letu, na hakuna mtu hata mmoja anayeishi humo. Kuna piramidi, sanamu, wadudu na simba wa mawe atemaye moto. Ufalme wa Chai nao umejaa maiti warukao wa hadithi za Kichina, ambao ukiwakanyaga huinuka tena. Ulimwengu umegeuzwa mapambo ya kupita mbio. Nilipokuwa na miaka tisa sikuliona hilo. Sasa ninaliona, na sioni kwamba kuliona kunanilazimu kuacha kuupenda mchezo. Nyanya yangu naye alikuwa na ngano ambamo msichana huadhibiwa kwa kosa la kujichagulia mume. Tunazihakiki ngano hizo kwa nadharia ya ufeministi na bado tunazihifadhi. Hamu ya kale iliyofumba macho ni ulevi. Iliyofumbua macho ni uhakiki.

Kipi kitasalia?

Mwaka wa 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilitangaza matokeo ya utafiti uliobaini kuwa asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka wa 2010 haipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mitambo yake miwili ya awali, na michezo mingi ya kale ikakosa mahali pa kununuliwa. Wapenzi wa michezo duniani walilalamika, na walikuwa na haki.

Lakini hebu tupime. Nakala zaidi ya milioni 18 za Super Mario Land ziliuzwa. Hata kampuni iliyoutoa ikiusahau kabisa, kuna kaseti katika makasha ya kila bara, na kuna watu waliozinakili kwenye tarakilishi zao. Mchezo huo hautapotea maishani mwangu. Ngano za nyanya zilikuwa na nakala moja. Zilihifadhiwa mahali pamoja, kando ya koroboi moja, na aliyekuwa na nafasi ya kuzinakili alikuwa mimi. Ninaandika haya si kwa ajili ya kujitesa, bali kwa sababu ninajua kwamba miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wapo ambao nyanya zao na babu zao wangali hai.

Basi nina mapendekezo matatu kwa chama chetu na kwa idara zetu.

Kwanza, kila mwanachama aendapo likizo arekodi ngano moja. Si tatu za kukamilisha kazi ya darasa, moja tu, ikiwa nzima, kwa lugha ya mtambaji mwenyewe, kwa kinasasauti cha rununu aliyo nayo mfukoni. Kisha aiandike na kuitafsiri kwa Kiswahili. Chama kikiwa na wanachama 50, tutakuwa na ngano 100 kwa likizo mbili. Hatuhitaji ufadhili wala mitambo ghali. Hii ndiyo teknolojia iliyonyauka ya Yokoi: kifaa ambacho kila mtu amekizoea hata hakioni, kikitumiwa kwa kazi ambayo hakuna aliyekitumia.

Pili, idara zikubali mapendekezo ya utafiti yanayochunguza michezo ya video kama matini za kisimulizi. Hili si jambo geni barani. Kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa mchezo uitwao Aurion mwaka wa 2016, uliojengwa juu ya hekaya na tamaduni za Kiafrika. Wenzetu wanatunga, sisi tungali tunauliza kama inaruhusiwa kuhakiki. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekua na Nyoka wa kwenye rununu, au na vidude vya matofali yanayodondoka, ana haki ya kuuliza vilimfunza nini kuhusu muda, subira na kushindwa.

Tatu, wale wetu wenye marafiki katika idara za sayansi ya tarakilishi wawaalike. Ngano ya Sungura na Fisi haihitaji picha za kifahari wala fedha nyingi. Vivuli vinne vya kijivu na hatua 12 vilitosha kumfunga mtoto wa Nyamira kwa miaka miwili. Tukiipa ngano hiyo sauti ya mtambaji halisi, ikisema Kiswahili fasaha au lugha ya mama, tutakuwa tumeyarudisha makundi mawili kando ya taa moja.

Juzi nilikitafuta kile kidude nyumbani. Mama alikuwa amekiweka pamoja na miwani ya nyanya na kadi yake ya kupimia majani chai. Nilitia betri mpya. Taa nyekundu iliwaka, na Mario akasimama jangwani kama kawaida yake akingoja. Binti ya binamu yangu, ambaye yuko darasa la pili na amezoea vioo vinavyong'aa, alikitazama na kuniuliza kwa nini hakionekani vizuri. Nilimwambia asogee karibu na dirisha. Aliposogea, nikaketi naye, nikazima sauti, na kwa lugha ya mama yenye makosa mengi nikaanza kumtambia ngano ya msichana aliyekataa wachumba wote wa kijijini mwao.

Shime, wenzangu. Likizo imekaribia.